Mabaka ya Fundi Breki

Haya ni kweli tupu, hayana chumvi hata punje. Mwenye kubisha akamwulize mke wa fundi, mwanamke ambaye hajapata kusema uongo isipokuwa siku alipoulizwa umri.

Fundi alikuwa amejifungia bafuni, kasimama mbele ya kioo, anajipaka mabaka. Mkononi ana kijiti chenye pamba. Kwenye sinki kuna kifuniko cha chupa chenye rangi nyeupe iliyobaki walipopaka dirisha, aliyoitia tone la chai ya maziwa isije ikang'aa kama sahani mpya. Baka moja mgongoni mwa kiganja cha kushoto. Jingine kiwikoni. La tatu kando ya mdomo, dogo, la kukolezea.

Mkewe akagonga mlango, kwa upole. Upole huo ndio uliokuwa ukimmaliza fundi.

Mtaa mzima walimwita Breki, kwa kuwa alifunga breki za magari mpaka akastaafu, na kwa kuwa mdomo wake haukuwa nazo. Ndiye aliyedai kwamba aliwahi kulisimamisha lori mteremkoni kwa kulikemea. Kulala chini ya malori kulimgandisha mabega yote mawili: mikono ilipanda hadi puani, ikaishia hapo. Shati alivishwa na mkewe. Kujikuna mgongo ni mpaka ajisugue kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe. Lakini kila alipotoa uongo mpya, mkewe alisema, "Muongo wewe!" akacheka mpaka akashika ukuta, na fundi akaona hana anachodai duniani.

Kicheko kilikatika siku daktari alipokipa jina kidonda cheusi kilichomtoka fundi chini ya unyayo. Saratani ya ngozi, ya aina isiyoonekana mara nyingi, na ilikwisha kuanza kutambaa. Kisu peke yake kisingetosha.

"Mwilini mwako kuna askari," daktari aliwaeleza. "Wazima, na silaha wanazo. Ila saratani ni janja, imewakanyagia breki. Dripu hii inaziachia breki hizo, wakapigane."

"Mwanangu," fundi akasema, "maisha yangu yote nafunga breki za watu, leo wewe unanifungulia zangu?"

Daktari alicheka. Mkewe hakucheka. Yeye alishika neno moja tu lililofuata: kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, askari wakiamka hufukuza hata rangi ya ngozi, yakatokea mabaka meupe. Si ahadi, daktari alisema, ila mara nyingi huwa ni habari njema.

Basi tangu dripu ya kwanza, kila asubuhi mkewe akawa anamgeuza mikono kama anayechambua mchele. "Hamna," alisema, akaenda jikoni, akapika bila kumgombeza mtu. Fundi aliiogopa saratani, lakini nyumba isiyo na ugomvi ilimtisha zaidi. Juzi alimwambia kwamba shingo inamwasha kwa sababu akili zimejaa mpaka zinafurikia nyuma. Hata hapo hakuitwa muongo.

Sasa akafungua mlango wa bafu, akanyoosha mkono mwenyewe.

Mkewe akautazama. Akausogeza dirishani, akautazama tena.

"Mzee! Nini hiki?"

"Mimi najua? Nimeamka nacho."

"Apa!"

"Nikiwa nasema uongo, nitaosha vyombo vya nyumba hii mpaka niingie kaburini."

Mkewe alipiga kigelegele kilichomwamsha jirani. Alicheka, akashika ukuta, akauachia, akacheza na mwiko mkononi. Fundi naye akacheza kwa mguu mmoja, akafurahi hata akasahau kwamba habari njema yenyewe ameichanganya kwenye kifuniko cha chupa.

"Vaa viatu!" mkewe akasema. "Dripu si leo? Daktari lazima aone!"

Hapo fundi akakanyaga breki. Hazikushika.

Hospitalini mkewe alimwambia mlinzi, akamwambia karani wa mapokezi, akamwambia na bwana mmoja aliyekuja kupimwa macho. Daktari naye alipouona mkono, uso ukamchanua.

"Ngoja kwanza nikuwekee dripu, halafu tuyapige picha haya." Akachovya pamba kwenye spiriti, akasugua mgongo wa kiganja kutafuta mshipa.

Baka likahamia kwenye pamba.

Daktari akaitazama. Akainusa. "Fundi," akasema, "hawa askari wako wamekwenda vitani au wanapaka nyumba?"

Mkewe akasogea. Alichukua pamba nyingine, akafuta la kiwikoni, akafuta la mdomoni, akaitupa. Dripu ilipokwisha wakarudi nyumbani. Walipofika mkewe alishusha masufuria machafu ya asubuhi, na masafi ya juu ya kabati, akayarundika yote kwenye sinki.

"Uliapa."

Akamvua shati asije akaliloweka. Fundi akainama, akaanza kusugua.

"Nilitaka ucheke tu," aliliambia sufuria kubwa.

Nyuma yake alisikia kitambaa kikichovywa kwenye maji ya sabuni, kisha akahisi kinapita nyuma ya shingo, palepale panapomwasha. Taratibu. Kisha kwa nguvu. Kisha kwa ukucha.

"Muongo wewe," mkewe akasema, na sauti haikuwa ile ya asubuhi. "Na baka hili la huku nyuma, ulilifikiaje?"

Fundi akageuka, povu mpaka viwikoni.

"Lipi?"