Boazi na Breki za Wilibrodi

Boazi alikuwa amemnunia Wilibrodi tangu Jumapili, na Jumamosi kulikuwa na harusi.

Na jamani, alikuwa na haki ya kununa! Jumapili ile walikuwa wakiteremka kutoka Buger, Boazi na Marseli wakiwa mbele kama kawaida yao, Wilibrodi kwenye usukani wa Land Rover yake kuukuu akipiga mluzi. Alipokanyaga breki, pedeli ilizama mpaka chini. Gari likalia kwiii, likavuta kushoto, likamgonga Boazi matakoni na kumsukumia mtaroni. Hakuumia, Mungu mkubwa. Lakini alipotolewa mtaroni alimtazama Wilibrodi mara moja tu, akaenda zake, Marseli akamfuata.

Tangu hapo, akiliona lile gari tu analigeuzia mgongo. Na bila Boazi gari halitoki nyumbani, hilo kila mtu alilijua. Marseli naye hana msimamo: Boazi akigoma, na yeye kagoma.

Sasa, Wilibrodi alikuwa ameshamwahidi dada yake Katarina kwamba bintiye Hyasinta atafika kanisani kwa gari, tena amekaa kiti cha mbele. Katarina, mdomo haukai, akautangazia ukoo mzima wa bwana harusi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, njia yote utelezi. Bibi harusi akifika kanisani ana tope magotini, Wilibrodi auweke wapi uso wake?

"Dalili ulikuwa unaziona," mkewe Rozalia alimwambia. "Mwezi mzima gari linalia kama mbuzi, wewe unapiga mluzi juu yake."

"Nilidhani ni vumbi, Mama Antonia."

"Vumbi! Na pedeli kuzama, nalo vumbi?"

Ijumaa asubuhi Wilibrodi akaweka mawe kwenye matairi, akainua gari kwa jeki, akafungua gurudumu la kwanza. Alipoivua ngoma ya breki, unga mweusi ukamwagika miguuni mwake. Brekishuu zilikuwa zimelika zote, chuma kinasugua chuma. Rozalia akachungulia, akasonya.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakitegemea, na wenzako wako mbele?"

Mwaka ule wa themanini na tatu, spea ulizisikia kwa jina tu. Brekishuu nyingine Wilibrodi alizing'oa kwenye Land Rover iliyokufa nyuma ya stoo ya shamba la kahawa, akamwachia mlinzi debe la maharage. Petroli nayo ilikuwa adimu kupita nyama, magari ya Karatu yakilala kwenye foleni mpaka buibui wanajenga ndani. Kwa upande wa petroli Wilibrodi hakuwa na shida, na alijisifia hilo kila alipokwenda kilabuni.

Kazi ikamtoa jasho. Springi moja ilimchomoka mkononi ikaruka kwenye maboga, akaitafuta kwa magoti mpaka saa ya chakula. Ilipofika zamu ya kutoa upepo kwenye breki, Rozalia akapanda kwenye usukani, mume akaingia uvunguni na spana.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Achia!"

"Kwanza sema tafadhali."

Oili ya breki ikamtiririkia sikioni. Lakini mwishowe pedeli ikakaza, ikakataa kuzama, na Wilibrodi akatoka uvunguni akicheka peke yake.

Kilichobaki ni Boazi. Jioni alimpelekea muwa, akakaa karibu yake kwa unyenyekevu.

"Boazi ndugu yangu, nimetengeneza. Yaliyopita tuyaache."

Boazi akautafuna muwa wote akitazama mlima Oldeani. Ulipokwisha, akampa mgongo. Wilibrodi akarudi ndani hana raha kabisa, hata ugali ukamshinda.

Jumamosi Hyasinta akapanda mbele, shela limejaa kiti kizima. Wanakwaya wakabanana nyuma. Boazi alikuwa amesimama mwisho wa kiwanja, kule chini, hasogei, na Marseli ubavuni pake vilevile. Waliitwa. Walibembelezwa. Wapi!

Katarina akaanza kulia. "Kaka, umeniua. Nitawaambia nini wakwe?"

"Ngoja nimwonyeshe mwenyewe," Wilibrodi akasema. "Nisukumeni."

Rozalia akashika kichwa. "Umsukumie Boazi gari tena? Una wazimu, Baba Antonia?"

Hakumsikiliza. Alikaa kwenye usukani, wanaume wakasukuma, gari likashika mteremko wa kiwanja na kumwelekea Boazi moja kwa moja. Lilizidi kwenda mbio. Hyasinta akapiga yowe, shela likamfunika Wilibrodi uso mzima. Akakanyaga breki haoni kitu.

Hakuna kwiii. Gari lilisimama tuli, na alipolisukuma shela pembeni aliona bampa limebakiza kama kiganja kimoja kumfikia Boazi.

Boazi hakuwa amesogea. Akaliangalia bampa. Akamwangalia Wilibrodi. Kisha akashusha pumzi ndefu, akageuka polepole, akasimama mahali pake pa siku zote mbele ya gari. Marseli naye haraka haraka akajipanga. Kiwanja kizima kikalipuka kwa vigelegele, na Katarina akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Wilibrodi akashuka, akamvisha Boazi nira shingoni, akamvisha na Marseli, akafunga mnyororo kwenye bampa. Rozalia akainua boneti, akamfukuza kuku aliyekuwa anatagia palipokuwa na injini zamani, na maksai wale wawili wakainamisha pembe, wakaondoka na bibi harusi.