Njia ya Kulia

Tambwe alipotoka gerezani asubuhi ile, dada yake Siwema alikuwa akimngoja nje ya lango. Walikumbatiana, wakashika njia ya nyumbani. Siwema alimpa habari za watoto na za paa jipya, naye akaitikia huku mkono wake umeshika kikopo cha dawa mfukoni.

Penye njia panda Tambwe alisimama. Njia ya kulia ilikwenda kliniki.

“Dada, tangulia. Nina mahali pa kupitia.”

“Ndiyo kwanza umetoka, mdogo wangu. Unapitia wapi?”

Angeweza kudanganya. Alikitoa kile kikopo, akamwekea kiganjani.

“Nina virusi vya UKIMWI. Dawa walizonipa gerezani zinakaribia kwisha. Nisipojiandikisha huku nje, nitazikosa.”

Siwema alikigeuza kikopo, akasoma maandishi yake. Tambwe alingoja arudishiwe, aachwe pale peke yake.

“Umekula?” Siwema aliuliza.

“Bado.”

“Basi twende. Utakula hukohuko.”

Kule kliniki, muuguzi alimuuliza Tambwe kama nyumbani yupo wa kumkumbusha dawa.

“Nipo mimi, dada yake,” alisema Siwema. “Jioni tunakula pamoja. Atakunywa hapo.”

Walikaa kwenye benchi kungoja dawa. Siwema akafungua kitambaa alichobeba, akamega chapati, akampa. Tambwe alikula taratibu, jua la dirishani likiwaangukia miguuni, na kila alipomaliza kipande, dada yake alikuwa tayari amemega kingine.