Mkasi wa Wodi ya Wazazi

Meneja wa mradi aliingia wodi ya wazazi bila kupiga hodi, akaenda moja kwa moja kwenye trei, akaokota mkasi niliokuwa nimetoka kuuchemsha.

"Dada, naazima dakika tano tu. Mfadhili anataka kukata utepe, na mkasi tumeusahau mjini."

Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshachungulia. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini, nikabaki na mdomo tu. Nilipoufungua, meneja alikuwa ameshatoka.

Kambi yetu nzima ya wakimbizi ina mkasi huo mmoja wa kukatia kitovu. Nimeomba wa pili mpaka naona haya kuomba. Naambiwa fungu la vifaa limekwisha. La ubunifu haliishi. Leo wanazindua droni ya kuleta damu, na friji ya kuwekea damu hatuna.

Mtoto akatoka, akalia. Nikamlaza kifuani kwa mama yake, kitovu bado kinapwita.

"Bibi, wafunike, usimguse kitovu," nikamwambia bibi wa mtoto aliyekuwa kando ya kitanda. "Nakuja."

Nje, mfadhili alikuwa anatabasamia kamera, mkasi umeshauma utepe. Nikapita katikati ya viti na glavu zangu zinachuruzika damu. Meneja akanizuia.

"Dada, usitutie aibu mbele ya wageni."

Nikampita, nikamnyooshea mfadhili kiganja. Akaitazama ile damu, tabasamu likamkauka.

"Lete," nikamwambia. "Sasa lazima niuchemshe upya, na mtoto wa watu bado amefungwa kwa mama yake."