Pasipotajwa

Katika nyumba kumi na tisa za kitongoji kile, ni mbili tu zilizokuwa bado zinatoa moshi. Mpima ardhi alipokuja kuchora ramani, alielekezwa kwa Bi Nakijwa, kwani ndiye pekee aliyebaki akiyajua majina ya mahali.

Asubuhi nzima wakatembea mpakani. Bibi akamtajia Penye Nyuki, kisha Maji ya Wajane, kisima kilichochimbwa na wanawake ambao waume zao walipelekwa vitani wasirudi. Mpima akaandika yote. Mwishowe wakafika kwenye kilima kidogo chenye miiba, ambacho hakikuwahi kuguswa na jembe.

"Na hapa, bibi, panaitwaje?"

"Hapatajwi."

"Pakikosa jina patahesabiwa kuwa ardhi tupu. Na ardhi tupu hugawiwa watu."

Bi Nakijwa akakaa chini. Mwaka wa njaa, watoto wachanga wa kitongoji walizikwa pale bila matanga, na wazazi wao wakaapa kutopataja tena, uchungu usije ukaamka. Sasa wazazi hao wote walikuwa wamekufa, isipokuwa yeye.

"Andika Namkunda," akasema.

"Ndiye nani?"

"Wangu. Aliishi siku sita."

Mpima akaandika polepole. Bibi hakujua kusoma, hivyo akaomba aonyeshwe jina lilipo. Akaweka kidole juu ya wino uliokuwa bado mbichi, asikiondoe, huku upepo ukiipeperusha karatasi pembeni.