Samaki Mgeni

Kwa saa mbili nzima Shekue alikuwa akimzoesha samaki mgeni maji ya chumvi ya tangi lake la sebuleni, akiyadondosha tone kwa tone ndani ya mfuko wa plastiki aliokuja nao samaki huyo. Huyu alikuwa wa tatu. Wawili wa mwanzo waliuawa na Sultani, samaki wa buluu ambaye Shekue alikuwa amemlea kwa miaka tisa.

Alipoachiwa, mgeni alijibanza kwenye matumbawe, mwembamba kama jani. Sultani akamvamia papo hapo, akamchana pezi.

"We! Mwache!" Shekue alifoka, akigonga kioo.

"Sasa unamgombeza samaki?" aliuliza mkewe, Mwanahawa. "Si umtoe huyo mkorofi!"

"Huyu ndiye mwenye nyumba."

"Basi usilete wageni."

Kwa hasira Shekue alichukua wavu, akamkimbiza Sultani huku na huko. Mwishowe akamnasa, akamtia kwenye ndoo ya maji ya bahari. Sultani hakupapatika. Alitulia tu, akimtazama.

Ndani ya tangi mgeni alichomoza taratibu, akaanza kuogelea. Shekue akabaki amesimama kati ya tangi na ndoo, hajui amwangalie yupi.