Mrija wa Damu

Damu yangu ilikuwa imesimamishwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, juu ya meza ya daktari, na Anselmi, mume wangu, hakuweza kutulia. Alikaa, akasimama, akachungulia tena.

"Mbona nyekundu inazama haraka hivyo?"

"Ikizama hivyo, mwilini kuna kitu kinawaka," daktari alisema. "Sijajua ni wapi. Mwili ukiwaka hivi, vidonge vya sonona vinaweza kushindwa hata mgonjwa akivimeza vyote."

"Huyu havimezi! Navifuata mpaka Mikumi, kwenye lile duka jipya la dawa, naye anavitema nikigeuka. Angekuwa anameza, angelia kutwa?"

"Umemwona akitema?"

Anselmi aliuchungulia tena mrija.

Daktari alinipa kidonge cha siku ile na kikombe cha maji. "Meza, mama."

Nikameza. Halafu, bila kuambiwa, nikamgeukia Anselmi, nikapanua mdomo na kuinua ulimi, kama kila asubuhi.

Daktari akawasha tochi. Chini ya ulimi hapakuwa na kidonge. Kwenye fizi, pale vidole vya Anselmi vinapopekua, palikuwa na usaha.