Oda Zilizokwama

Mnunuzi alikuwa ameshaikumbatia cherehani pale binti wa fundi alipopiga kelele. "Mama, programu ya tovuti yako haijasasishwa tangu mwaka juzi! Nibonyeze 'sasisha'?"

"Bonyeza. Kwani ikifa kutakuwa na tofauti gani?" Mwaka mzima tovuti haikuwa imemletea oda hata moja.

Binti akabonyeza; skrini ya kompyuta ikawa nyeupe pe. Fundi akashika gurudumu la cherehani, pale lilipong'arishwa na kiganja chake.

Simu ikalia. Ikalia tena, kisha mfululizo, mpaka ikawa inatambaa mezani. Oda zote zilizokwama zilikuwa zinaingia!

"Kumbe wateja hawakunikimbia!"

"Mama, hawa maharusi wa mwaka jana si wameshaolewa?"

"Watazaa, na watoto watavaa. Hii ya jana inasemaje?"

"Sare arobaini za shule!"

Akamgeukia mnunuzi. "Kaka, tua hiyo cherehani."